Siku ya Mtu wa Shanta katika Vilima vya Lisbon



Sisi watu wa pwani tumewazoea Wazungu wa mashanta. Unamwona mmoja anapita Mji Mkongwe saa saba mchana, jua la utosi, mgongoni kabeba shanta kubwa kuliko yeye, mkononi ana ramani iliyochanika kwenye mikunjo. Bei ya chapati anaiuliza mara mbili. Teksi hataki. Usiku analala chumba kimoja na watu saba asiowajua hata majina. Nasi tulioketi barazani hucheka: Mzungu gani huyu hana nauli? Mimi nilikuwa miongoni mwa wachekaji, tena mwenye sauti kubwa, mpaka Mei mwaka 2019 nami yaliponifika.

Nilikwenda Ulaya kwa mkutano. Mkutano ukaisha, posho nayo ikaisha, na ndege yangu ya kurudi ilikuwa inaondokea Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Begi langu lilikuwa limevunjika gurudumu njiani, kwa hiyo mpwa wangu anayesoma huko Ulaya akanipa shanta lake kuukuu. Nikaingia Lisbon usiku, nina shanta mgongoni na yuro 35 mfukoni, na mbele yangu siku moja nzima ya kungoja ndege.

Hesabu nilizipiga kitandani. Kitanda chenyewe, katika hosteli ya vitanda vinane kwa chumba, kilikuwa yuro 17. Juu yake mji wakati huo ulitoza kila mgeni kodi ya yuro 2 kwa usiku. Zimebaki 16. Nikaweka kando 2 za treni ya chini ya ardhi ya kunipeleka uwanja wa ndege. Zimebaki 14 za kula na kutazama. Kuingia ngome ya mji ilikuwa yuro 10. Kuingia jumba la makumbusho la sanaa za kale ilikuwa yuro 6. Vyote viwili havikuwezekana, labda nikubali kutokula. Nikalala sijaamua.

Kabla hatujaanza kutembea, ndugu msikilizaji, ni lazima nikueleze mji ulivyokaa. Keti chini, kunja magoti yako yote mawili, uyatenganishe kidogo. Mbele ya vidole vyako vya miguu weka mto mpana, mpana kama ghuba. Huo ni mto Tejo, ambao karibu na mji hutanuka hata wenyeji wakapaita Bahari ya Nyasi Kavu. Goti la mashariki ni kilima chenye ngome, na ubavuni mwake ndiko kuliko mtaa wa Alfama. Goti la magharibi ni Chiado na Bairro Alto. Bonde lililoko katikati ni Baixa, penye maduka na ofisi. Wenyeji husema mji wao una vilima saba, kama Roma. Miguu yangu ilihesabu zaidi. Lakini ukiyakumbuka magoti hayo mawili na mto ulio mbele yake hutapotea Lisbon, maana kila ukishuka sana utafika ama bondeni ama mtoni.

Niliamshwa na sauti ya mwanamke akiita. Nikachungulia dirishani. Alfama ina vichochoro vyembamba kama vya Lamu, ila vimewekwa wima, vichochoro vya ngazi. Dirisha la ghorofa ya tatu, nyumba ile ile ya hosteli, lilikuwa limefunguka, na bibi mmoja mwenye mvi alikuwa anateremsha kikapu kwa kamba. Kijana wa duka la chini akatia mkate na pakiti ya maziwa, akachukua sarafu zilizokuwamo, kikapu kikapanda polepole kikigonga ukuta.

Mhudumu wa hosteli, aliyejua Kiingereza kidogo, akanieleza. Nyumba ina ghorofa nne. Zamani zilijaa wapangaji. Sasa zote ni vitanda vya wageni, kasoro nyumba ya yule bibi. Magoti yake hayataki ngazi tena, basi kikapu ndicho kinachokwenda dukani kwa niaba yake.

Habari hii haikuanza jana. Kodi nyingi za nyumba za zamani Lisbon zilikuwa zimeganda kwa miaka mingi. Mpangaji mzee alilipa kidogo, na mwenye nyumba hakutia hata chokaa. Sheria ya mwaka 2012 ikaanza kuzifungua kodi hizo, na sheria ya mwaka 2014 ikarahisisha kupangisha vyumba kwa wageni wa siku mbili tatu. Mwenye nyumba akapiga hesabu zake. Mwishoni mwa mwaka 2018 baraza la mji lilisimamisha vibali vipya vya vyumba vya wageni Alfama, Mouraria na mitaa mingine ya kale, lakini wakati huo wengi walikwisha hama. Nilipotoka mlangoni niliona visanduku vidogo vya chuma vyenye tarakimu, vya kuhifadhia funguo za wageni, vimefungwa kando ya milango kadhaa ya kichochoro kile.

Nikashuka kwanza mpaka chini kabisa, karibu na mto, maana nilitaka kukianza kilima kwenye kisigino chake. Pale ipo chemchemi ya kale iitwayo Chafariz d'El-Rei, yaani chemchemi ya mfalme: ukuta wa mawe wenye mifereji iliyochongwa. Leo watu hupita bila kugeuka. Zamani pale ndipo mji ulipokuwa unakunywa. Mwaka 1551 ilitolewa amri ya kugawa mifereji yake: wanaume weusi na wa mchanganyiko wao, Wamoor wa kwenye merikebu za makasia wao, wanawake weusi wao, wanawake weupe wao. Hesabu iliyoandikwa mwaka huo huo ilitaja watumwa 9,950 katika mji wa watu kama laki moja. Basi katika kila watu kumi uliokutana nao kwenye ngazi hizo, mmoja alikuwa mtumwa, na aghalabu alikuwa na mtungi kichwani.

Maana maji hayapandi kilima yenyewe. Mtu akitaka kuujua mji wa vilima aulize nani anapandisha maji. Kwetu Mwanza wanalijua swali hilo vizuri, wale waliojenga juu ya mawe na kuona ziwa zima lipo chini yao huku ndoo ni tupu. Lisbon walipandisha watumwa, na baadaye wachukuzi maskini waliotoka Galicia, upande wa Hispania. Mfereji mkubwa wa kuleta maji kutoka nje ya mji uliamriwa mwaka 1731, na maji yakaanza kutiririka mwaka 1748, lakini hata hapo yalikuja mpaka kwenye vituo tu. Kutoka kituoni hadi ghorofa ya nne ilikuwa ni shingo ya mtu.

Nikaanza kupanda. Kwa mtu wa Dar es Salaam, ambako mwinuko mkubwa tunaoukuta kila siku ni daraja, hii ni kazi. Nilijifunza mambo mawili nusu saa ya kwanza. La kwanza, usishindane na kilima uso kwa uso. Zunguka ubavuni, chukua kichochoro kinachopanda pole, uvuke ngazi mahali pafupi. La pili ni viatu. Njia zote za Lisbon zimetandikwa vijiwe vidogo vya chokaa vyeupe na vyeusi, vimepangwa kwa mkono mmoja mmoja kama shanga, vinapendeza kwa macho, na vikilowa vinateleza kama sabuni. Mtindo huo ulianzia mle ngomeni mwaka 1842, na waliopewa kazi ya kuvipanga walikuwa wafungwa.

Na nikitaja wafungwa nakumbuka jambo. Kila hatua chache mjini mle unakuta kibao kimeandikwa *igreja*, yaani kanisa. Nilikisoma mara ya tatu ndipo kikanigonga. Igreja, gereza! Neno letu la kufungia watu limetoka kwenye neno lao la kusalia. Wataalamu wa lugha hueleza kwamba Wareno walipojenga ngome kama ile ya Mombasa waliweka ndani yake kanisa, na watu wetu waliona kuta na mlango mzito, wakaona wanaoingizwa, wakaliita jengo zima kwa jina walilolisikia. Tangu hapo nikaanza kutembea masikio wazi. Juu ya kichwa changu, kamba hadi kamba, zilianikwa nguo, na kati yake kulikuwa na foronya, ambalo ni neno lao. Mezani palikuwa na mvinyo. Meza ni yao na mvinyo ni wao. Leso, bendera, kasha, nanasi, padri. Miaka mia mbili ya mizinga, na yaliyobaki vinywani mwetu ni vyombo vya nyumbani.

Mahali paitwapo Portas do Sol kilima kinakupa malipo yako. Unasimama kwenye ukingo, mapaa ya vigae vyekundu yanashuka chini yako hadi mtoni, meli kubwa ya watalii imetia nanga inaonekana kama nyumba ya ghorofa iliyolala ubavu. Hakuna kiingilio. Alfama ni jina la Kiarabu, latokana na visima vya maji ya moto, ndugu yake hamamu yetu. Wamoor waliushika mji huu hadi mwaka 1147, mfalme wa kwanza wa Ureno alipouteka. Nikafika hadi mlango wa ngome, nikaisoma bei, yuro 10, nikamtazama mlinzi, mlinzi akanitazama, nikageuka. Mandhari nilikwisha yaona bure hatua mia chache nyuma. Nikaketi ukutani nikala mkate wangu na dagaa wa kopo, na hapo ndipo nilipoamua: yuro zangu 6 zitakwenda makumbusho. Sababu utaiona mbele.

Kushuka nilishuka kwa njia ya Mouraria, mtaa walikowekwa Wamoor baada ya kushindwa. Kuna kichochoro huko ambacho picha za wazee wa mtaa zimechapwa moja kwa moja juu ya kuta, kila mzee karibu na alipoishi. Bondeni nikatokea Largo de São Domingos, uwanja mdogo mbele ya kanisa lililoungua mwaka 1959, ambalo nguzo zake wameziacha na makovu ya moto. Mbele yake kuna jiwe la kuwakumbuka Wayahudi waliouawa na umati mwaka 1506. Na kwenye uwanja huo huo, tangu zamani, ndipo Waafrika wa Lisbon wanapokutana. Kanisa hilo lilikuwa na chama cha waumini weusi, watumwa na walioachwa huru. Leo utakuta kina mama wanauza karanga na pilipili, wengi wao kutoka Guinea-Bissau, na wazee wamekaa kivulini.

Wazee wanne walikuwa wanacheza karata. Nikasimama nyuma yao. Mmoja akapiga karata yake mezani kwa kishindo akasema neno, nami bila kufikiri nikasema kwa sauti, "Turufu!"

Mzee akageuka. "Umesema nini?"

Alisema kwa Kiswahili, ndugu msikilizaji. Kiswahili cha kusini, kilichokaa muda mrefu bila kutumika, kama nguo iliyotolewa sandukuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?"

"Dar es Salaam."

"Mimi wa Ibo." Kisiwa cha Ibo kiko kaskazini mwa Msumbiji, na Kimwani kinachosemwa huko ni jirani wa karibu wa Kiswahili. Zaidi ya hayo, wakati wa vita vya ukombozi alikuwa kijana, akakaa Mtwara miaka minne. Akanionyesha karata zake moja moja akinijaribu: kopa, uru, shupaza, pao. Wareno wenyewe husema *copas, ouros, espadas, paus*. Wenzake watatu wakacheka kusikia karata zao zinaitwa majina kama yao na mtu aliyetoka mbali vile.

Nikamuuliza kama anaishi jirani. Akaonyesha kidole Mouraria, kule nilikoshukia. "Niliishi pale miaka ishirini na mbili. Nyumba ikauzwa mwaka 2015. Sasa niko nje ya mji, treni halafu basi. Kule hakuna kilima, magoti yanashukuru. Lakini hakuna wa kucheza naye karata. Basi kila siku naja hapa."

Kisha akauliza ninalala wapi. Nikamwambia Alfama. Kitanda bei gani? Nikamwambia. Vitanda vingapi chumbani? Nikamwambia vinane. Mzee akanyamaza kidogo, midomo inacheza kama ya mtu anayehesabu karata zilizokwisha toka.

"Yuro 136 kwa usiku," akasema. "Mimi nilikuwa nalipa 150. Kwa mwezi."

Hakulisema kwa ubaya. Aligawa karata upya. Lakini mimi, niliyejisifu tangu asubuhi kwa kubana matumizi, nilijiona nina sehemu yangu katika hesabu ile. Nilimuaga akaniombea safari njema.

Baixa nitaipita haraka, kwa sababu ni tambarare na imenyooka, lakini kunyooka kwake kuna kisa. Tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, saa tatu na ushei asubuhi, watu wakiwa makanisani na mishumaa imewashwa, ardhi ilitetemeka. Waliotoka wakakimbilia ufukoni kwenye uwazi, na huko bahari ikawafuata na mawimbi. Kisha moto ukateketeza mji kwa siku kadhaa. Walikufa makumi ya maelfu. Bonde lilibomoka zaidi, na Alfama kwa sehemu kubwa ikasimama, kwa sababu bonde ni matope yaliyoletwa na maji karne kwa karne, na matope yakitikiswa hucheza kama uji sufuriani, ilhali kilima ni mwamba. Waziri wa mfalme, aliyekuja kuitwa Marquês wa Pombal, akaamuru bonde lijengwe upya kwa mitaa ya mraba, na ndani ya kuta za mawe yakawekwa matundu ya mbao zilizofungwa kwa mshazari, ili nyumba ikitikiswa iyumbe isianguke. Yasemekana walilijaribu tundu hilo kwa kuwatembeza askari kwa kishindo kulizunguka. Mbao hizo zimo kutani mpaka leo, nyuma ya vioo vya maduka ya viatu.

Kutoka bondeni kupanda goti la pili kuna lifti maarufu ya chuma ya mwaka 1902, ambayo siku hiyo ilikuwa na foleni ndefu na nauli ya zaidi ya yuro 5. Mtu wa shanta haipandi. Siri niliyopewa na mhudumu wa hosteli ni hii: stesheni ya treni ya chini ya ardhi ya Baixa-Chiado ina mlango mmoja bondeni na mlango mwingine juu ya kilima, na kati yake kuna ngazi za umeme ambazo ziko nje ya geti la tikiti. Unaingia kwa chini, unasimama, unapandishwa kilima kizima bila senti. Niliona kina mama wa mjini na mifuko ya soko wanafanya hivyo hivyo. Upande wa ngome nao una lifti mbili za bure, moja katika nyumba ya mtaa wa Fanqueiros na nyingine kwenye jengo la duka la chakula, lakini hizo nilizijua nimekwisha shuka.

Juu nikalipita kanisa la Carmo, ambalo paa lake lilianguka siku ya tetemeko na halijarudishwa, matao yamebaki wazi kama mbavu za jahazi lililo gatini. Nikafika bustani ya São Pedro de Alcântara, na pale chini ya bustani kuna reli inayoshuka mteremko mkali. Ni ya gari la Glória, lililoanza mwaka 1885. Magari yalikuwa mawili, ya njano, yamefungwa kwa kebo moja: hili likishuka lile lilipanda, uzito wa moja ulimsaidia mwenzake. Nililitazama kwa hamu. Nauli ikanikataza, nikashuka hatua chache kando ya reli kulipiga picha, nikarudi juu. Picha hiyo ninayo. Tarehe 3 Septemba 2025 kebo ilikatika, gari moja likaporomoka kwenye mteremko ule ule na kugonga jengo, wakafa watu 16, wengi wao wageni waliokuja kuutazama mji kama mimi. Nilipoisikia habari hiyo nilitafuta ile picha, nikaihesabu abiria waliokuwa wameketi dirishani.

Kutoka hapo nikashuka Bairro Alto, mtaa wa kulala mchana na kuimba usiku, mpaka nikaingia barabara iitwayo Rua do Poço dos Negros, yaani njia ya Shimo la Weusi. Mwaka 1515 mfalme Manuel wa Kwanza aliandika barua akiamuru lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa, kwa sababu walikuwa wanaachwa vichochoroni na jalalani, harufu na maradhi vikiusumbua mji. Wapo wanaosema jina la njia hiyo latokana na watawa waliovaa majoho meusi. Lakini barua ya mfalme ipo. Sasa pana mikahawa midogo mizuri, na watu wanakunywa kahawa juani. Nikapita polepole.

Dakika kama ishirini mbele, juu ya bandari ya Alcântara, ndiyo makumbusho. Nikalipa yuro zangu 6, nikaacha shanta kwa mtunza mizigo, nikapita vyumba vya picha bila kusimama, pamoja na zile pazia za Kijapani zinazoonyesha Wareno wakiteremka melini na suruali kama mapulizo. Sikujia hizo.

Kimo ndani ya kabati la kioo. Ni chombo cha kuonyeshea Ekaristi, kirefu sentimita 73, dhahabu tupu iliyonakshiwa rangi, kama mnara mdogo wa kanisa. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuzunguka katikati, kila mmoja na uso wake. Kilimalizwa mwaka 1506 na sonara aitwaye Gil Vicente. Na chini, kwenye kitako, maandishi yanaeleza dhahabu hiyo imetoka wapi. Yanasema ni ya kodi ya *Quiloa*.

Kilwa, ndugu msikilizaji. Kilwa yetu.

Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi Bahari ya Hindi mara ya pili, safari hii na kundi la meli na mizinga mingi. Akatia nanga Kilwa, akamwambia mtawala wake, Amiri Ibrahim, achague: kodi kwa mfalme wa Ureno au mji uchomwe moto. Ibrahim akatoa dhahabu, mithkali 1,500 hivi, na mithkali moja ni gramu nne na ushei. Ilikuwa dhahabu iliyotoka bara, nyanda za Zimbabwe, ikapita Sofala, ikafika Kilwa kwa jahazi. Ikafika Lisbon mwaka 1503. Na kulipa hakukuwaokoa: mwaka 1505 Wareno wengine wakaja na kuuteka mji. Leo Kilwa Kisiwani unakwenda kuona magofu ya msikiti mkuu na ya Husuni Kubwa, na UNESCO iliyaingiza katika urithi wa dunia mwaka 1981. Dhahabu wala huioni. Iko hapa, imewashiwa taa.

Nilisimama mbele ya kioo mpaka mlinzi, mama wa makamo, akaja kuangalia nina nini. Nikamwonyesha neno lile kwenye maandishi, nikajigusa kifua, nikasema, "Tanzania." Sijui alielewa kiasi gani. Alitikisa kichwa, akarudi kwenye kiti chake, akaniacha. Kikundi cha wageni kikaja na mtembezaji wao, akaeleza kwa Kiingereza habari za fundi na za mitume na za mfalme mcha Mungu. Neno Kilwa alilitaja mara moja, akilitamka vibaya, kama jina la duka. Nilitaka kusema kitu. Sikusema. Mpaka leo najiuliza ningesema nini kwa sentensi moja.

Kaburi la da Gama mwenyewe liko Belém, kilomita kadhaa magharibi, katika kanisa kubwa la watawa. Sikwenda. Miguu ilikataa, nami sikuibembeleza.

Nyuma ya makumbusho kuna bustani inayotazama mto, na kushoto na kulia unaona kazi za bandari, na daraja jekundu la chuma lililofunguliwa mwaka 1966. Lilipewa jina la Salazar, dikteta wa Ureno, na baada ya askari kuiangusha serikali tarehe 25 Aprili 1974 likaitwa kwa tarehe hiyo. Mwaka mmoja baadaye Msumbiji ikapata uhuru. Yule mzee wa Ibo hakunieleza alifikaje upande huu wa daraja, na mimi sikumuuliza. Nikasikitika sasa kwamba sikumuuliza.

Kurudi nilifuata ukingo wa mto, kwenye tambarare, kama wafanyavyo watu wenye akili. Nilinunua vitumbua vyao viwili vya maziwa na mayai vilivyookwa, bado vya moto, nikala nikitembea. Jua lilikuwa linazama nilipofika Alfama, na mfukoni nilikuwa na nauli ya kesho na sarafu kidogo. Ngazi za mwisho nilizipanda nimeshika ukuta.

Nilikuwa naweka ufunguo mlangoni niliposikia sauti juu. Yule bibi. Kikapu kilikuwa kinashuka. Duka la chini limefungwa, kijana wake hayupo, kichochoroni niko mimi peke yangu na shanta langu. Ndani ya kikapu mlikuwa na noti ya yuro 5 na chupa tupu ya maji, na alikuwa anaonyesha kwa mkono kule chini, kwenye duka lililokuwa bado na taa, karibu na ile chemchemi ya mfalme.

Nikamtazama, nikazitazama ngazi nilizotoka kuzipanda. Nikatua shanta kizingitini nikashuka. Maji chupa kubwa mbili, na kwa kuwa sikujua kuuliza kama anataka kingine, nikarudisha chenji yote kikapuni. Ngazi nilizihesabu wakati wa kupanda. Zilikuwa 114, na nilipumzika mara tatu.